Pikipiki inadondosha oili upande wa gia, fundi kapaka silikoni imerudi. Naweza kumaliza mwenyewe nyumbani?

#1 Mzee_wa_Kilosa
Wakuu habari zenu.

Nina pikipiki ya Kichina cc 125, injini ya pushrodi (fimbo za kusukuma valvu). Naitumia shambani na safari za mjini. Usiku inalala sebuleni, maana huku ukiiacha nje asubuhi hukuti hata saitimira. Sasa inadondosha oili upande wa kushoto, usawa wa pedeli ya gia. Si nyingi, lakini boksi ninaloliweka chini linaamka na doa la ukubwa wa kisahani. Mama watoto ameshatoa tangazo: itoke pikipiki au atoke yeye.

Fundi wa hapa mtaani alikaza nati zote, akapaka silikoni nyekundu pembeni ya kava bila kufungua chochote. Ikatulia, halafu ikarudi kama kawaida. Kwake sirudi. Vifaa ninavyo: spana namba 8 mpaka 17, bisibisi, plaizi, nyundo. Nifungue kava lipi? Au ni sili? Na je, lazima injini ishushwe?

#2 kijiwe_namba_3
Uza pikipiki, mke bado unamhitaji.

#3 bodaboda_msomi
Mkuu hiyo hata usiumize kichwa, ni sili ya shafti ya gia. Ile shafti inayoshika pedeli inapita kwenye tundu la injini, na hapo pana kisili kidogo cha mpira. Matope na mchanga vinakaa hapo, shafti inachezacheza kila unapokanyaga gia, mpira unalika. Bei yake kama soda. Injini haishushwi, kinatolewa kwa nje.

#4 Spana_Kumi
Msomi umemtibu mgonjwa hujamwona.

Mzee wa Kilosa, usifungue kitu chochote leo. Oili inapodondokea sipo inapotokea. Ukitembea, upepo unaisukuma nyuma, ukisimama, inateremka. Kwa hiyo tone unaloliona ni mwisho wa safari. Tafuta sehemu ya JUU kabisa na ya MBELE kabisa iliyolowa.

Fanya hivi. Osha injini yote kwa mafuta ya taa au dizeli na brashi ya meno iliyochoka, halafu sabuni ya unga, halafu maji. Usielekeze maji kwenye kabureta wala tundu la eksozi. Acha ikauke kabisa. Ngoa na hiyo silikoni ya nje yote, maana inaficha. Kisha chukua poda ya mtoto, nyunyiza kuzunguka kava, shafti ya gia, chini ya silinda na kwenye maungio yote. Washa, iache ipate moto, zunguka nayo mtaani kidogo, rudi utazame kwa tochi. Palipovuja patachora mstari mweusi kwenye poda. Hapo ndipo tuanze kubishana.

#5 mgeni_tu
Kuosha kwa petroli si haraka zaidi? Inakata grisi papo hapo.

#6 Spana_Kumi
Inakata grisi na inachoma nyumba. Huyu bwana pikipiki inalala sebuleni, jiko la mkaa huenda liko hatua chache. Mvuke wa petroli unatambaa chini mpaka unakuta moto. Mafuta ya taa yanatosha.

#7 FundiMstaafu
Habari za jioni vijana. Nimesoma #3 na #4, wote mna hoja, ila kuna kitu hamkumuuliza. Mzee, unaiegesha kwa stendi ya pembeni au ya kati?

Stendi ya pembeni inalaza pikipiki kushoto. Chochote kitakachovuja, hata kama kimetoka kwenye kifuniko cha tapeti huko juu, kitateremka kwenye mapezi ya silinda, kitapita chini ya injini na kudondokea kushoto. Nimeona watu wengi wakibadilisha sili za kushoto bure kwa sababu ya stendi tu.

#8 Mzee_wa_Kilosa
Shikamoo Fundi. Naegesha kwa stendi ya pembeni, ya kati ilivunjika zamani. Poda ninayo, ya mjukuu. Nitaifanyia kazi kesho.

#9 Mwl_Fizikia
Swali moja kabla ya poda: unapobadilisha oili unaweka kiasi gani?

#10 Mzee_wa_Kilosa
Chupa nzima ya lita moja, kama wanavyouza.

#11 Mwl_Fizikia
Nilijua. Injini nyingi za muundo huo, ukimwaga oili ya zamani, kuna kiasi kinabaki ndani kwenye mifereji na kwenye klachi. Ile CG125 ya asili inapokea kama lita 0.9 baada ya kumwaga. Ukimimina lita nzima unazidisha. Pistoni inaposhuka inasukuma hewa iliyo chini yake, hewa hiyo hutoka kwa kimpira cha kupumulia. Oili ikiwa juu mno inarushwa na kreki (shafti inayozungushwa na pistoni), inageuka povu, inaingia kwenye kimpira. Na kimpira kikiwa kimeziba, shinikizo linatafuta sehemu dhaifu. Sili iliyo nzima kabisa inaanza kutoa jasho.

Kabla ya kununua kitu, punguza oili mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia, kagua na kimpira cha kupumulia. Nimewahi kukikuta kimezibwa na udongo wa nyigu.

#12 bodaboda_msomi
Mwalimu sasa nyigu! Watu wanatafuta sili wewe unaleta wadudu.

#13 Pwani_Tulivu
Msicheke, huku Unguja nyigu wa udongo wanaziba mpaka tundu la kitasa. Mwalimu yuko sawa.

#14 Spana_Kumi
Naongezea kwenye #11: zipo injini za cc 150 ambazo lita moja ndiyo haki yake, na zipo zinazozidi hapo. Asiibuke mtu akaanza kupunguza kila pikipiki. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu, na mara nyingi kimechongwa kwenye kava karibu na kifuniko cha oili.

Kupima nako watu wanakosea. Pikipiki isimame wima, sehemu tambarare. Washa dakika chache, zima, subiri dakika mbili tatu oili ishuke. Chomoa kijiti, futa, rudisha BILA kukifunga kwenye thredi, kiguse tu kwenye mdomo, kisha chomoa usome. Ndivyo ilivyo kwa injini nyingi za aina hii. Ukikifunga mpaka mwisho kinazama zaidi, kinasoma juu kuliko ukweli.

#15 Nduthi254
Salamu kutoka Nakuru. Yangu ilikuwa na shida kama hiyo, mekanika wangu akasema ni piston rings. Kumtesti ni rahisi: washa nduthi, fungua kifuniko cha oili. Ikipumua hewa kwa nguvu, rings zimekwisha, presha inateremka chini inasukuma oili nje. Ukiziba sili leo kesho itatoka kwingine.

#16 FundiMstaafu
Mgeni wetu wa Nakuru karibu, lakini hicho kipimo kinadanganya. Injini ya silinda moja LAZIMA ipumue ukifungua hapo, hata ikiwa mpya kutoka kwenye kreti. Pistoni moja inapanda na kushuka, chini yake hakuna pistoni nyingine ya kusawazisha. Ringi zilizokwisha utaziona kwa moshi wa bluu unapokaza mwendo, oili kupungua haraka hata pasipovuja, na kompresheni kushuka mpaka kiki inakuwa laini mguuni.

#17 Nduthi254
Sawa mzee, lakini yangu ilipowekwa rings mpya ilikauka kabisa. Hiyo unaielezaje?

#18 Spana_Kumi
Ili waweke ringi walivua silinda. Wakivua silinda wanaweka gasketi mpya ya chini na ya juu. Pengine gasketi ndiyo iliyokausha, ringi zimepewa sifa za bure.

#19 Nduthi254
Pengine. Na pengine rings. Wewe hukuwepo.

#20 MamaJunia
Jamani mimi nina pikipiki mbili za mkataba. Kijana mmoja alinisumbua na "mama, injini inavuja" mpaka nikaamua kwenda kuangalia mwenyewe. Tukaosha, tukaweka unga wa ngano (poda ilikuwa imeisha). Injini kavu! Kumbe ni shokapu ya mbele, sili yake imekatika, oili inatiririka kwenye mguu wa shokapu, upepo unaipuliza nyuma mpaka kwenye silinda. Mzee pitisha kidole kwenye shokapu zako kwanza.

Na unga usitumie. Panya.

#21 kijiwe_namba_3
Mama Junia umepika chapati kwenye injini.

#22 Chuma_Chakavu
Na kabureta je? Kama kuna harufu ya petroli kwenye hilo doa, huenda ni petroli inayomwagika kutoka kwenye kikombe cha kabureta inaosha uchafu wa zamani na kuuteremsha. Doa linaonekana jeusi kama oili. Weka tone kwenye karatasi nyeupe: petroli itakauka, oili itabaki.

#23 Mzee_wa_Kilosa
Nimerudi na majibu. Shokapu kavu. Doa halina harufu ya petroli. Nimeosha, nimeweka poda, nimezunguka mpaka stendi ya mabasi na kurudi.

Poda imechorwa sehemu mbili. Moja ni kuzunguka shafti ya gia, mstari unateremka kutoka hapo. Nyingine ni ndogo, upande wa KULIA, kona ya chini ya kava la klachi mbele ya kiki, imelowa tu haitiririki. Juu kwenye tapeti kavu. Kijiti nilipokipima alivyosema Spana kilionyesha oili imevuka alama ya juu.

#24 bodaboda_msomi
#3. Someni tena #3. Nasubiri pongezi.

#25 Mwl_Fizikia
Someni na #9. Oili imevuka alama, imevuja pande mbili kwa wakati mmoja. Sili na gasketi hazikupanga kufa pamoja. Shinikizo ni moja.

#26 FundiMstaafu
Mwalimu, pikipiki inayobeba magunia ya mahindi inaweza kufa vitu viwili pamoja, tena na cha tatu kikiwa njiani. Lakini ushauri wako hauna gharama. Ashushe oili kwanza.

#27 Spana_Kumi
Sawa, ashushe oili na hapohapo abadilishe sili, maana imeshaonekana. Mzee, nakuandikia kazi ya sili ya gia yote, ichukue polepole.

Toa pedeli ya gia, nati yake mara nyingi ni namba 10. Piga alama kwa msumari kwenye shafti na pedeli zinapokutana ili irudi palepale. Fungua kava la sproketi, bolti namba 8. Ndani utakuta tope la grisi ya mnyororo limejaa, likwangue lote, na angalia: je, kinacholowa ni shafti ya gia au ni shafti ya sproketi yenyewe? Zote mbili zina sili na zimekaribiana. Ile ya sproketi ikivuja ni hatari zaidi, mnyororo unabeba oili na kuirusha kwenye tairi la nyuma. Kona moja tu, umeanguka.

Safisha sili iliyomo ndani kama ilivyo, usome namba usoni. Zinaandikwa namba tatu, mfano 14-28-7: tundu la ndani milimita 14, nje 28, unene 7. Nenda dukani na namba hizo, au bora na sili yenyewe mkononi. Usiseme tu "nipe sili ya gia ya mchina", utarudi na kitu kingine.

Kuitoa: toboa tundu dogo usoni kwa msumari mwembamba, kwenye bati la sili na si karibu na shafti. Zungusha skrubu ndogo humo, ivute kwa plaizi. Usichokonoe na bisibisi pembeni, utakwaruza nyumba yake ya alumini na hapo hata sili mpya itavuja. Kwaruzo kwenye shafti pia ni hivyohivyo; kama ina kutu, pitisha msasa laini sana kwa kuzungusha, si kwa kuvuta mbele na nyuma.

Kuiweka: funga selotepu kwenye meno ya shafti ili yasikate mdomo wa sili. Paka oili mdomoni. Upande wenye springi ndogo unatazama ndani kwenye oili. Isukume kwa kipande cha bomba la plastiki chenye upana sawa na sili, gonga taratibu mpaka uso wake ulingane na injini. Usizamishe. Haihitaji silikoni hata chembe.

Injini haishuki.

#28 Pwani_Tulivu
Ahsante sana Spana, nimeihifadhi hii.

#29 mgeni_tu
Na kwa kava la klachi si lazima amwage oili. Alaze tu pikipiki upande wa kushoto chini kabisa, oili yote inahamia kushoto, anafungua kava la kulia hakuna kinachomwagika. Tunafanya hivi kijiweni kila siku.

#30 Chuma_Chakavu
Kweli inafanyika, ila sema yote. Kwanza funga koki ya petroli na ujue kifuniko cha tangi kinaweza kuvuja. Pili, kama betri ni ya maji, itoe KABLA ya kulaza. Asidi ikimwagika inakula rangi, inakula chuma, inakula na suruali. Na kwa mtu ambaye oili yake imezidi, mimi ningemwaga tu, achuje kwa kitambaa cheupe aone kama kuna vipande vya bati.

#31 FundiMstaafu
Kava la klachi sasa. Kabla hujafungua, chora umbo la kava kwenye boksi, toboa matundu mahali pa kila bolti, na kila bolti unayotoa ichomeke kwenye tundu lake. Bolti za kava hazilingani urefu. Ukiweka ndefu mahali pa fupi unapasua nyumba, ukiweka fupi mahali pa ndefu inashika nyuzi mbili tatu na kuzing'oa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu injini za watu.

Legeza zote kidogokidogo kwanza. Shafti ya kiki inapita kwenye kava hilo, na ina sili yake. Kama mlowo wa Mzee uko chini ya kiki, itazame nayo. Kava likigoma usipenyeze bisibisi katikati. Ligonge kwa kipande cha mti pembeni pembeni litaachia. Gasketi ya zamani ikwangue kwa kipande cha plastiki kigumu au ukucha wa mbao, nyuso mbili za alumini zibaki safi na kavu. Lisugue kava juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo cha dirisha, mara chache tu: sehemu zisizoguswa na msasa ndizo zilizopinda.

Weka gasketi mpya ya karatasi, kavu. Kaza kwa kukatisha, bolti moja huku, inayofuata upande wa pili, kwa mizunguko. Hizo ni bolti za milimita 6, nguvu yake ni kama Nm 10, yaani spana fupi na vidole, si bega.

#32 kijiwe_namba_3
"Si bega." Mafundi wa kwetu wanakaza kwa bega na goti juu.

#33 bodaboda_msomi
Fundi na heshima zote, gasketi kavu kwenye injini ya zamani haikai. Mimi napaka silikoni pande zote mbili na sijawahi kurudi.

#34 FundiMstaafu
Unapaka kiasi gani?

#35 bodaboda_msomi
Mpaka itokeze nje kidogo ujue imeshika.

#36 FundiMstaafu
Kama imetokeza nje, imetokeza na ndani vilevile, kiasi hichohicho. Ile ya ndani inakatika, inazunguka na oili mpaka kwenye wavu wa kuchujia chini upande wa kulia. Injini za aina hii hazina chujio la karatasi; zina wavu, na zina kikombe kinachozunguka na kreki kunasa uchafu. Wavu ukizibwa na silikoni, pampu inakosa oili ya kunyonya. Kichwa kinakauka, mikono ya tapeti inalika, unaanza kusikia cherehani.

#37 Spana_Kumi
Nakaa katikati yenu. Utando mwembamba kwa kidole upande mmoja, kama kava lina kovu, si dhambi. Ila isiguse oili siku hiyohiyo. Silikoni inakauka kwa unyevu wa hewa, ipe saa 24. Huyo fundi wa #1 alipaka juu ya oili na uchafu, hata ingekuwa ya bei gani isingeshika.

#38 bodaboda_msomi
Haya, mimi naendelea na yangu. Injini yangu haina cherehani.

#39 MamaJunia
Na mimi vijana wangu wananiambia gasketi inakatwa tu kwenye boksi la sigara. Ni sawa?

#40 Chuma_Chakavu
Mama, ikikwama porini sawa, ikufikishe mjini. Boksi linanyonya oili, linalainika, linatoa jasho tena. Ipo karatasi maalumu ya gasketi inauzwa kwa shiti, na inakatwa kwa kugonga nyundo ya duara taratibu kwenye ukingo wa kava. Lakini gasketi tayari ya injini hizi ipo kila duka la spea, hakuna sababu ya kuhangaika.

#41 Mwl_Fizikia
Tukiwa hapo, nani anajua kwa nini injini hizi zinafanana hivi mpaka gasketi zinaingiliana?

#42 FundiMstaafu
Asili yake ni ile CG125 ya Honda, iliyotoka mwaka 1976. Walitengeneza mahsusi kwa nchi ambako pikipiki inabeba mizigo na oili inabadilishwa mtu akikumbuka. Wakaacha mnyororo wa taimingi, wakaweka gia na pushrodi, kitu kisichohitaji kukazwa. Wachina wakachukua muundo huo wakauzalisha kwa majina mengi. Ndiyo maana kifaa cha hii kinaingia kwenye ile. Si vyote, lakini vingi.

#43 mgeni_tu
Halafu oili gani aweke? Mimi naweka ya gari, nzito, haivuji sana.

#44 Spana_Kumi
Ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inatelezesha klachi, kwa sababu klachi ya pikipiki inaoga kwenye oili hiyohiyo. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2 (kipimo cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi inayooga kwenye oili). Unene fuata kitabu. Kwa joto letu wengi wanatumia 20W-50 au 20W-40. Kuongeza unene ili kuziba uvujaji ni kuahirisha tu, na asubuhi ya baridi Iringa au Njombe inachelewa kupanda juu.

#45 Pwani_Tulivu
Naomba kuuliza pembeni: oili chafu mnaitupa wapi? Huku kwetu watu wanapaka nguzo za uzio, mchwa hawagusi.

#46 MamaJunia
Sisi pia nguzo za banda. Ila bibi yangu alikuwa anapaka na mbwa mwenye ukurutu, akapona.

#47 Mwl_Fizikia
Tafadhali msipake mbwa! Oili iliyotumika ina kemikali zinazosababisha saratani, na mbwa analamba. Hata mikono yenu, nawa kwa sabuni, usikae nayo siku nzima. Na msimwage karibu na kisima. Weka kwenye dumu, gereji kubwa wanapokea.

#48 kijiwe_namba_3
Mbwa amepona, Mwalimu amekasirika.

#49 Mzee_wa_Kilosa
Wakuu, mrejesho.

Nimemwaga oili, kwenye kitambaa hakuna bati. Nimebadilisha sili ya gia kwa maelezo ya #27. Ya zamani mdomo wake ulikuwa mgumu kama plastiki. Sili ya sproketi ilikuwa kavu, sikuigusa. Kimpira cha kupumulia kilikuwa kimekunjika nyuma ya kabureta, karibu kimejibana. Nimekinyoosha na kukifunga kwa kamba kisikunjike tena. Oili nimeirudisha kwa kijiti mpaka chini kidogo ya alama ya juu, imebaki kwenye chupa.

Upande wa gia boksi linaamka safi. Kava la klachi sijalifungua, na cha ajabu pamekauka karibu kabisa, panalowa kidogo tu nikibeba mzigo kwenye mlima.

#50 Mwl_Fizikia
Kimpira kimekunjika, oili imezidi. Kinyooshwe, ipunguzwe, mpaka kava ambalo hujaligusa linakauka. Sina la kuongeza.

#51 bodaboda_msomi
Sili ngumu kama plastiki, Mwalimu. GUMU. Hata oili ingekuwa kijiko kimoja ingepita. Rudini #3.

#52 Spana_Kumi
Alifanya vitu vitatu siku moja, sasa kila mtu anachukua ushindi wake. Ungebadilisha kimoja, ukasubiri, tungejua.

#53 FundiMstaafu
Na mimi bado nasema afungue lile kava. Kulowa ukiwa na mzigo mlimani ni gasketi iliyoanza kuchoka, injini ikipata moto alumini inatanuka, pengo linafunguka. Shinikizo likipungua inapunguza kuvuja tu, haiponi. Mzee, nunua gasketi uiweke ndani, siku ya kubadilisha diski za klachi utaitumia.

#54 Nduthi254
Mimi naona rings. Mlima, mzigo, presha.

#55 Spana_Kumi
Haitoi moshi!

#56 Nduthi254
Bado.

#57 Mzee_wa_Kilosa
Hahaha. Moshi hautoki Mkuu wa Nakuru. Ila nikiri nati ya kumwagia oili imeanza kuzunguka bila kukaza vizuri, nimeirudisha na uzi wa kufungia bomba. Haivuji kwa sasa.

#58 Chuma_Chakavu
Mzee hapo nimesimama. Uzi wa bomba unaweza kuingia ndani ukatembea na oili kama ile silikoni. Nyumba ya nati ni alumini, nati ni chuma, wakikaza kwa bega nyuzi za alumini ndizo zinazokufa. Kwanza badilisha washa, ile pete bapa inayokaa chini ya nati. Kama ni ya shaba unaweza kuitumia tena: ichome mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, inarudi kuwa laini. Ya alumini ni ya mara moja tu. Kama tatizo ni nyuzi, nyingi ni M12, zinatobolewa na kuwekewa koili ya waya ndani, unarudi na nati ileile. Wengine wanaweka nati kubwa zaidi yenye tapu yake (kifaa cha kukata nyuzi). Vyuma vinavyotoka unapotoboa visiingie ndani; paka grisi kwenye tapu ivinase, kisha mimina oili kidogo ya bei nafuu ipitilize na kutoka.

#59 bodaboda_msomi
Koili hudumu kweli? Niliambiwa zinatoka na nati siku ya kumwaga oili.

#60 Chuma_Chakavu
Zinatoka zikiwekwa vibaya, zikiachwa zimechomoza juu ya uso. Izame nusu mzunguko, ule ulimi wa chini uvunjwe na utolewe. Ukiuacha utaukuta kwenye wavu wa Fundi Mstaafu.

#61 Pwani_Tulivu
Kuna anayeuza hizo koili za M12 pamoja na tapu yake Zanzibar au Dar? Nina Vespa ya marehemu baba, nati yake inazunguka vivyo hivyo.

#62 kijiwe_namba_3
Vespa ina nati ya oili?

#63 Pwani_Tulivu
Ina ya oili ya gia, ndugu yangu. Petroli ndiyo inayochanganywa na oili ya injini. Pimeni kabla ya kucheka.

#64 Chuma_Chakavu
Pima kwanza nati yako kwa rula au kalipa, ya Vespa ni ndogo kuliko M12. Kariakoo maduka ya bolti wanazo kwa saizi, ulizia kwa jina la koili ya kuokolea thredi, na nenda na nati mkononi.